Gari isiyo na dereva ikikutana na baiskeli ya dagaa

Mkuu umeuliza kama hizi gari zinazojiendesha zitakuja kuwa salama kwa watu wa baiskeli na waenda kwa miguu, na naona wengi wamekujibu ziongezwe kamera tu basi. Mimi naendesha Fuso ya dagaa, napakia soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na hapo sikubaliani nao. Kuona siyo kazi ngumu sana, kazi ni gari inafanya nini ikiona kitu isichokielewa.

Angalia ajali ya Tempe, Arizona, Machi 2018. Gari ya majaribio ya Uber ilimgonga mama aliyekuwa anavuka usiku huku anakokota baiskeli, akafariki. Uchunguzi wa Marekani ukakuta gari ilishamnasa kwenye vihisi vyake sekunde 5 na nusu hivi kabla ya kumgonga, ila programu ikawa inabadilisha tu, mara ni gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli, na kila ikibadilisha inatupa kumbukumbu ya alikotokea kwa hiyo haiwezi kukadiria anakwenda wapi. Na haikuwekewa kabisa wazo kwamba mtu anaweza kuvuka pasipo na zebra! Gari yenyewe ni Volvo, na breki zake za dharura za kiwandani zilikuwa zimezimwa kompyuta ikiendesha, na msimamizi aliyekaa kwenye usukani anaangalia simu.

Sasa njoo Kirumba alfajiri giza bado, mbele yako kuna magunia mawili ya dagaa yanatembea. Mtu humuoni, unaona magunia na kisigino kinapanda kinashuka, taa hana. Mimi sisubiri kujua kama ni baiskeli au guta au mkokoteni, naachia mafuta kwanza, mengine nitayajua nikiwa taratibu. Halafu namsoma. Akigeuza shingo kidogo tu anataka kuingia barabarani, akiwa na shimo mbele yake najua atalikwepa kuja kulia upande wangu hata kama hajageuka, na kwenye mlima akisimama juu ya pedeli ujue baiskeli itayumba, mpe nafasi pana au kaa nyuma yake. Na Hiace ikisimama kushusha, kuna abiria atatokea mbele yake anakimbia kuvuka, hilo hata huhitaji kumuona.

Hiyo ndo inatakiwa iingie kwenye programu: ikiwa na mashaka ipunguze mwendo kwanza. Ukiwa 50 kwa saa unakula karibu mita 14 kila sekunde, ukiwa 30 ni mita 8 na kidogo, hiyo tofauti ni mtu mzima na baiskeli yake. Najua wahandisi wanaogopa gari kushika breki kwa mfuko wa plastiki, ile ya Tempe ilikuwa imewekewa sekunde nzima ya kusubiri kwa sababu hiyohiyo. Bora abiria alalamike.

Na wasiishie kwenye kugonga. San Francisco, Oktoba 2023, mtu aligongwa na gari ya dereva wa kawaida akarushwa mbele ya gari isiyo na dereva ya kampuni ya Cruise, nayo ikamgonga ikasimama, halafu ikajisogeza pembeni ya barabara huku imemburuza kama mita 6. Konda yeyote wa daladala za Buzuruga hapa Mwanza angeshuka kuchungulia chini kwanza.

Gari zisizo na dereva zenyewe huku bado, lakini breki za kujishika ziko tayari kwenye gari nyingi tunazoagiza Japani, ile kamera juu ya kioo cha mbele ndiyo macho yake. Kioo kikipasuka kikabadilishwa inabidi kamera ipimwe upya na fundi mwenye mashine yake, la sivyo inaweza kuangalia pembeni au mfumo ukajizima. Wengi wanaona taa ya onyo kwenye dashibodi wanaizoea miezi na miezi. Wewe mwenye gari ya hivyo unayepita Kirumba usiku, kesho ipeleke ikaangaliwe.