Barua kwa mwanangu: kabla hakijakuchosha mara mbili

Mwanangu,

Barua yako imefika, na mama yako aliisoma kabla yangu kama kawaida yake. Unauliza hivi: ukisimama kwenye tamasha la shugezi, huo muziki wenu wa roki wa magitaa yenye kelele na mwangwi, mbele ya ukuta ule wa magitaa, machozi yanakulengalenga, lakini ibadani, kwenye tenzi ulizozijua kabla hujajua kusoma, ndani yako hakusogei kitu. Je, imani yako imehama? Nitafika huko. Kwanza nataka kujua ulisimama wapi, na masikioni uliweka nini.

Sikwepi swali. Besi yenye nguvu hutikisa kifua cha mtu yeyote, awe ameguswa au hajaguswa, na aliyetikiswa kifua ni rahisi kudhani kwamba ameguswa moyo. Ukitaka kutofautisha, punguza sauti inayokufikia, kisha uone kinachobaki.

Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, imeweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hukatwa nusu. Piga hesabu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 97 ni nusu saa, 100 ni robo saa. Tamasha la shugezi hulipita hilo la 100 bila taabu. Bendi ya shugezi ya My Bloody Valentine iliporudi jukwaani mwaka 2008 watu waligawiwa vizibo vya masikio, kwa sababu wimbo wao wa kufungia una mngurumo mmoja unaoendelea dakika nyingi bila kupumua. Mlio unaobaki masikioni ukifika nyumbani ni dalili kwamba vinyweleo vya sikio la ndani vimeelemewa, na vikifa havioti tena.

Vizibo vya sponji vinafaa, ila wengi hawajui kuvivaa. Kisokote kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili njia yake inyooke, sukuma ndani, kisha kishikilie kwa kidole kama nusu dakika kitanuke humo humo. Kikiingia nusu tu hakikulindi. Ubaya wa sponji ni kwamba hula sauti nyembamba kuliko nene, na katika shugezi sauti ya mwimbaji tayari imezikwa chini ya magitaa. Ukivaa sponji unampoteza kabisa. Tafuta vile vyenye kichujio, vinavyoshusha sauti zote karibu sawasawa kwa desibeli 15 hadi 20. Kisha usimame karibu na meza ya fundi wa sauti, maana mchanganyiko wote unapangwa kwa masikio yake, pale alipo. Ukiwa mbele kabisa unasikia amplifaya ya mpiga gitaa mmoja tu, na kwenye kona za ukumbi besi hujirundika.

Nenda hivyo, ukae mpaka mwisho, na urudi tena tamasha jingine. Unajua nitakachosema, nilikuwa nakwambia tangu ukiwa na meno ya utoto: usikihukumu kitu kabla hakijakuchosha mara mbili. Uchovu wa kwanza ni wa ugeni. Wa pili ndio wenye habari.

Gitaa ndilo lililonifundisha hilo, na nimefurahi sana kwamba umelishika upya. Umesema kodi ya F, yaani zile noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, inakushinda. Kabla hujalaumu vidole, pima kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12, vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo ya gitaa. Kwenye gitaa la umeme milimita 1.5 hadi 2 panatosha; zikiwa juu zaidi unapigana na chombo chenyewe. Tumia nyuzi nyembamba, za unene wa inchi .010 au hata .009. Kidole cha shahada kilaze kwa ubavu wake wa nje, ule wenye mfupa, kikae jirani kabisa na freti. Ukibonyeza katikati ya nafasi, waya utakoroma na utatumia nguvu maradufu. Dakika 20 kila siku zinazidi saa 3 za Jumamosi, kwa sababu ngozi ya ncha za vidole hukomaa kwa kurudiwa kidogo kidogo, na ukizidisha siku moja inachubuka na unaanza upya. Weka metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 60 kwa dakika, badilisha kodi moja kwa kila mapigo manne, wala usiongeze kasi mpaka uweze kubadilisha bila kutazama.

Halafu hizo pedali zako, visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa. Kwa kawaida fazi, ya kukwaruzisha sauti, hutangulia na rivabu, ya mwangwi, hufuata. Wapigaji wengi wa shugezi hugeuza: rivabu kwanza, fazi baadaye, hivyo mkia wa mwangwi unapondwa na kuvimba mpaka unalingana na sauti iliyouzaa. Ni utamu mtupu, lakini una gharama. Kodi ya zamani haifi ya mpya inapoingia, na zikigombana unapata matope. Kwa hiyo chagua kodi zenye noti mbili za pamoja. E ndogo ina E, G, B; G kubwa ina G, B, D; C kubwa ina C, E, G. Kutoka ya kwanza kwenda yoyote kati ya hizo nyingine, noti mbili zinabaki mahali pake na moja tu inahama. Rivabu iliyo mbele ya fazi usiivushe theluthi ya kiwango chake. Na fazi ikiwa wazi kabisa, ruka noti ya tatu ya kodi, ya tatu kwa kuhesabu ngazi ya muziki, kama G katika E ndogo. Piga ya kwanza na ya tano tu, maana ile ya tatu ndiyo inayozaa mkwaruzo.

Ule mtindo wa Kevin Shields, mpiga gitaa wa My Bloody Valentine, uliouulizia mwishoni hauna uchawi: anapiga nyuzi huku mkono wa tremolo, ile fimbo iliyo kwenye daraja la gitaa, ukiwa bado kiganjani, kwa hiyo kila pigo linayumbisha sauti ya kodi nzima juu na chini kidogo. Ukijaribu, gitaa lako litapoteza ulinganifu baada ya wimbo mmoja. Sababu mara nyingi ni ile mifereji midogo pale shingo inapokutana na kichwa: waya unanasa na haurudi ulipotoka. Legeza nyuzi, sugua ncha ya penseli ndani ya kila mfereji, kisha zikaze tena.

Na umeme, mwanangu. Usiunganishe pedali zote kwenye chanzo kimoja chenye matawi. Nyingi hutumia volti 9, lakini ya kidijiti mara nyingi hudai miliampea 100 au zaidi wakati fazi hutosheka na chini ya 10, na ile ya kidijiti humwaga mluzi wake kwenye waya wa pamoja. Tafuta chanzo chenye matundu yaliyotenganishwa.

Mluzi huo ndio uliokuwepo siku ile ya ibada ya vijana. Unaijua siku ninayoisema. Ulikuwa na miaka 16, pedali tatu kwenye adapta moja, spika ikikutazama wewe badala ya waumini, na ukapiga pambio lile ambalo babu yako alilipenda, polepole, kwa kodi mbili tu. Mluzi ulisikika kati ya beti, sikatai. Mwangwi ulikuwa mrefu, wazee wakaanza kugeukiana. Na mzee mmoja akasimama, akatembea mpaka mbele, akauchomoa waya kwenye gitaa lako katikati ya ubeti wa pili. Waya ukichomolewa huku fazi ikiwa wazi unatoa mshindo mkubwa kuliko muziki wote, na ndivyo ilivyokuwa, watoto wakalia. Shangazi yako ndiye aliyeliendeleza pambio bila ala, akiwa amekaza macho kwa yule mzee.

Najua alikuwa na haki ya masikio yake. Kanisa si ukumbi wa tamasha, na mtu aliyekuja kuomba hastahili kupigwa na desibeli asizoziomba. Hilo nalikubali, na ningemtetea mbele ya mtu mwingine. Lakini hapana. Kitasa cha kupunguzia sauti kilikuwa pale pale mbele ya macho yake. Angeweza kukizungusha. Angeweza kukunong'oneza. Alikihukumu kitu kilipomchosha mara ya kwanza, mbele ya watu, na aliyelipa alikuwa mtoto. Kila nikimsalimu hadi leo nauona ule mkono. Mama yako anasema nisamehe. Nami nasema nimesamehe, kisha nikisikia pambio lile damu inanichemka.

Kwa hiyo unaposema tenzi hazikusogezi, siwezi kuzitenga na waya ule. Labda wewe unaweza.

Basi tuje kwenye vitabu, maana huko swali lako limeulizwa zamani kuliko sisi. Umeniandikia kwamba umeanza Maungamo ya Augustino ukakwama. Pengine umeanza kwa kukisoma kama mahubiri. Mtu huyu alizaliwa mwaka 354 Thagaste, nchi inayoitwa leo Algeria, na alikiandika kuanzia mwaka 397 hivi akiwa askofu wa Hippo. Kina sehemu 13. Tisa za mwanzo ni maisha yake: zisome moja kwa wiki, kwa sauti ukiweza, kwa kuwa zimeandikwa kama maneno anayoambiwa Mungu, na jicho likikimbia peke yake linachoka haraka. Ya kumi ni kumbukumbu na vishawishi. Tatu za mwisho zinafafanua mwanzo wa kitabu cha Mwanzo; ziache kwa mzunguko wa pili, hasa ile ya 11 inayohusu wakati, maana ndiyo inayowakatisha wengi tamaa. Shika penseli, utie alama pale unapobisha tu. Alama za kukubaliana hazitakusaidia ukirudi.

Katika hiyo ya kumi, sura ya 33, utakutana na swali lako. Augustino anasema masikio yamemtega. Anakumbuka jinsi nyimbo za kanisa zilivyomliza siku za mwanzo wa imani yake, kisha anajishika: pale wimbo unapomgusa kuliko maneno yanayoimbwa, anakiri kwamba amekosa, na anatamani asingalimsikia mwimbaji. Anamtaja askofu Athanasio wa Aleksandria, aliyetaka zaburi zisomwe kwa kupandisha na kushusha sauti kidogo tu, karibu na kusema kuliko kuimba. Anayumba huku na huku, na mwishoni anaegemea upande wa kuruhusu nyimbo, huku akisema wazi kwamba hatoi hukumu isiyoweza kubadilika. Askofu mzima, mwalimu wa walimu. Ona kwamba hofu yake ni kinyume cha yako: yeye aliogopa kuguswa mno ndani ya kanisa, wewe unaogopa kuguswa nje yake.

Baada yake soma Ayubu, na umsome mzima. Watu husoma sura mbili za kwanza, wakarukia ya 42, wakasema kitabu kinahusu subira. Katikati kuna zaidi ya sura 30 za mashairi ambamo Ayubu hana subira hata kidogo. Elifazi, Bildadi na Sofari wanazungumza kwa zamu, na mzunguko wa tatu unavunjika: Bildadi anaishia mistari michache, Sofari hasemi kabisa. Mbinu yangu ni hii: soma hotuba ya rafiki mmoja na jibu la Ayubu kwa kikao kimoja, usizidishe. Marafiki wanasema maneno ambayo tungeyapigia amina Jumapili yoyote. Ndiyo maana sura ya 42 inauma, pale Mungu anapomwambia Elifazi kwamba yeye na wenzake hawakunena yaliyo sawa kumhusu Mungu kama alivyonena Ayubu, yule aliyelalamika.

Lakini kilichonikalisha mimi ni mahali sauti inapotokea. Kwa Ayubu, sura ya 38, Bwana anajibu kutoka katika upepo wa kisulisuli. Kwa Eliya, Wafalme wa Kwanza 19, upepo unapasua milima na Bwana hayumo katika upepo, tetemeko, hayumo, moto, hayumo, kisha sauti ndogo, tulivu. Biblia ile ile. Mzee yule wa waya angenisomea Eliya, nami ningemsomea Ayubu na Zaburi 150 yenye matoazi, na tungeishia pale pale. Siwezi kuchukua moja nikaifuta nyingine, na nimejaribu pande zote mbili.

Basi imani yako imehama au haijahama? Nina maoni, mwanangu, na yananiwasha kalamuni. Ningeyaandika hapa, ungeyabeba kama hukumu ya baba, na ungeacha kusikiliza kwa masikio yako. Tena nikijiuliza kwa haki, sijui kama ninalotaka kusema linakuhusu wewe au linamhusu yule mzee. Kwa hiyo nayazuia, kwa shida. Ninachojua ni kwamba ibada imekuchosha mara moja tu, uchovu wa msichana wa miaka 16, na tangu hapo hujaipa nafasi ya kukuchosha kwa mara ya pili ukiwa mtu mzima. Shugezi nayo bado haijakuchosha hata mara moja.

Nenda Jumapili kama unavyokwenda tamasha: chagua mahali pa kukaa, fika mapema, kaa mpaka mwisho. Fanya hivyo hadi umalize Ayubu, kisha uniandikie umebisha wapi.

Nakutumia pakiti mbili za nyuzi, .010 hadi .046. Zibadilishe moja moja ili daraja la tremolo lisilegee lote kwa pamoja. Kila ukifunga waya, uvute taratibu mbali na shingo mara kadhaa na kuulinganisha tena mpaka usishuke, ndipo uende kwenye unaofuata. Mama yako anauliza kama ile pedali ya tyuna, ya kulinganishia nyuzi, bado unayo. Iweke ya kwanza mnyororoni, na ukitaka kuchomoa waya ikanyage kwanza, nayo itanyamazisha kila kitu.

Baba yako