Nagios kuonyesha UNKNOWN huduma inapozimika

Umeuliza kwa nini Nagios, programu ya kufuatilia hali ya seva, inaonyesha UNKNOWN badala ya CRITICAL pale nginx, programu ya seva ya wavuti, inapozimika kwenye seva. Chanzo ni kwamba amri ya systemctl is-active, inayoangalia kama huduma iko hai na uliyoiweka moja kwa moja kwenye NRPE (programu inayoendesha ukaguzi wa Nagios kwenye seva ya mbali), hurudisha namba ya matokeo (exit code) 3 huduma inapokuwa imezimika, na kwa Nagios namba 3 ni hali isiyojulikana (UNKNOWN), ilhali hali ya hatari (CRITICAL) ni 2. Andika skripti fupi itakayoendesha amri hiyo, kisha irudishe namba ya matokeo 0 huduma ikiwa hai, na 2 vinginevyo. Ongeza pia check_http, ukaguzi wa Nagios unaopima kama tovuti inajibu, ambayo binafsi ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa kuwa systemd, mfumo unaosimamia huduma za Linux, inaweza kuripoti active (iko hai) huku tovuti yenyewe haijibu.