Wasomaji Wanauliza: Uandishi wa habari wa kujitegemea kwa kozi ya masafa

Tumepokea barua nyingi kutoka kwa wanaotaka kuandikia magazeti na redio bila kuajiriwa, wakiwa wanajifunza nyumbani. Wakufunzi wetu wamechagua hizi tano.

Nimeona matangazo ya kozi tatu za mtandaoni. Moja ni bure, nyingine mbili zina ada kubwa, na zote zinasema zina wakufunzi wazoefu. Nichague ipi?
*Msomaji, Songea*

Kabla ya kuuliza mkufunzi ana miaka mingapi kazini, uliza atasoma kazi zako ngapi na atakurudishia nini. Nadharia yenyewe, yaani habari ni nini, maswali sita (nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi), piramidi iliyogeuzwa (la muhimu zaidi hutangulia) na maadili, unaipata bila kulipa. Knight Center ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin hutoa kozi za wazi kwa waandishi wa dunia nzima, na Thomson Foundation ya Uingereza nayo ina kozi za bure. Zipitie kwanza. Kasoro yake ni kwamba darasa lina watu wengi mno, hivyo hakuna atakayelishika andiko lako mkononi.

Ada unayotoa kwenye kozi yenye mkufunzi ni ya kalamu yake juu ya andiko lako, basi. Waandikie wahusika uwaulize: kazi za kuandika ni ngapi? Kwa miezi mitatu, chini ya sita ni kidogo. Majibu yanarudi baada ya muda gani? Wiki moja inavumilika. Wiki tatu hapana, kwa sababu utakuwa umeshaandika kazi mbili zaidi zenye kosa lile lile. Je, unaruhusiwa kuandika upya na kusahihishwa mara ya pili? Na mkufunzi amewahi kukaa kwenye dawati la uhariri, au ameandika tu? Hapa tunasimama upande wa wahariri. Mwandishi hodari anaweza kukunyooshea aya yako, lakini aliyehariri kazi za watu wengi anajua kukueleza imekwama wapi.

Omba pia kuona kazi moja ya mwanafunzi aliyepita iliyosahihishwa, jina likiwa limefutwa. Ukikuta "Hongera, kazi nzuri, 72%" na hakuna kingine, tafuta kozi nyingine. Masahihisho ya maana husomeka hivi: "Aya ya 3: nani amesema tani 40 hazijalipiwa? Kama ni katibu, mtaje. Kama ni waraka, uliuona mwenyewe?"

Cheti cha kozi ya mtandaoni kitanipa kitambulisho cha mwandishi wa habari?
*Msomaji, Dodoma*

Kozi fupi, hapana. Kwa Tanzania, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka mwandishi awe na ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi hiyo, na kanuni zake za 2017 ziliweka stashahada ya uandishi wa habari au fani inayohusiana kuwa elimu ya chini. Anayejitegemea hajasamehewa. Ukitaka stashahada, hakikisha chuo kimesajiliwa NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi. Shahada ni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimekuwa kikifundisha kwa masafa tangu miaka ya 1990, na uandishi wa habari ni miongoni mwa masomo yake. Iulize Bodi ya Ithibati kabla hujalipa ada. Kwa msomaji wa Kenya, mlango ni Baraza la Vyombo vya Habari, na kadi huhuishwa kila mwaka.

Kozi fupi ina faida yake, lakini isomee ufundi, usiisomee karatasi.

Mkufunzi amenirudishia kazi imejaa wekundu. Nimekubali mabadiliko yote nikatuma tena, akasema sijafanya kitu. Anataka nini?
*Msomaji, Mombasa*

Anataka uandike, na wewe umebonyeza kitufe. Soma maoni yake yote, funga faili, chukua daftari lako la mahojiano, kisha uandike upya kuanzia sentensi ya kwanza. Halafu fungua ile ya zamani ulinganishe. Weka orodha ya makosa yako. Kila mwanafunzi ana matatu au manne yanayojirudia: aya ya kwanza yenye maneno 50 badala ya 25, "wananchi walisema" bila jina hata moja, tarakimu zisizo na mwenyewe, na maoni ya mwandishi yaliyojificha ndani ya kivumishi. Kagua orodha hiyo kabla ya kutuma kazi inayofuata.

Udhaifu mkubwa wa masafa ni kwamba mkufunzi haendi nawe uwanjani. Anaona kilichoandikwa, haoni ulichosahau kuuliza. Kwa hiyo kila kazi iambatane na karatasi ya vyanzo: jina, cheo, tarehe na namna mlivyoongea, nyaraka ulizosoma, na aliyekataa kujibu. Ongeza picha ya kurasa mbili za daftari. Hapo ndipo mkufunzi mzuri hugundua kwamba jibu bora la mhojiwa limebaki kwenye daftari.

Kama kazi yako inahitaji waraka wa ofisi ya umma, omba wiki ya kwanza ya kozi. Sheria ya Kenya ya upatikanaji wa habari inaipa ofisi siku 21 kujibu. Ya Tanzania, siku 30. Ukisubiri wiki ya tisa, kozi itaisha mikono mitupu.

Nimemaliza kozi. Nimetuma mapendekezo ya makala kwa wahariri wanne, hakuna aliyejibu. Nakosea wapi?
*Msomaji, Masasi*

Umetuambatanishia pendekezo lako: "Ningependa kuandika kuhusu matatizo ya wakulima wa korosho." Hiyo ni mada. Mhariri anayo, na mwandishi wake wa mkoa anayo pia. Stori ni hii: wakulima wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika) fulani walipeleka korosho ghalani Oktoba, mnada ukafanyika, fedha hazijaingia benki hadi leo; unazo stakabadhi za wakulima watano, umeshaongea na katibu, na umekipa chama kikuu nafasi ya kujibu. Mhariri akisoma hapo anajua kipya ni nini, kwa nini sasa, na kwamba una ushahidi ambao yeye hana.

Liandike ndani ya barua pepe yenyewe, si kiambatisho, maneno yasiyozidi 150. Kichwa cha barua kiwe stori, kisiwe "Maombi". Taja urefu (habari maneno 300 hadi 400, makala 800 hadi 1,200), siku utakayowasilisha, na picha ulizonazo. Mtumie mhariri wa dawati husika kabla ya kikao cha asubuhi. Alasiri usimpigie, anafunga kurasa. Kwa jambo lisilooza, kumbusha mara moja baada ya siku tano. Kwa habari ya leo, kumbusha kesho yake. Na usiwapelekee wanne pendekezo moja kwa mpigo. Magazeti mawili yakilichapa siku moja, yote mawili yatakufungia mlango. Likikaa wiki mbili bila jibu, mwandikie kwamba unaliondoa, ndipo ulipeleke kwingine.

Picha tuma kama faili. Ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa. Yenye upana wa pikseli 1,600, ikichapwa kwa pikseli 300 kwa inchi, inafika sentimita 13 na nusu tu.

Gazeti linalipa kwa stori, tena kwa kuchelewa. Waandaaji wa semina wanatoa bahasha papo hapo. Nifanyeje?
*Msomaji, Mwanza*

Bahasha ukiipokea, mtoaji atategemea stori ichapwe na aipende. Usichukue. Tunajua mwandishi wa kujitegemea analipa nauli yake, na vyombo vinavyomlipa kwa stori bila kumrudishia nauli vina lawama katika hili. Kwa hiyo maliza suala la nauli na mhariri kabla ya safari, kwa maandishi. Kama waandaaji wanatoa usafiri, mwambie mhariri aamue yeye.

Kuhusu malipo, kubaliana kiasi kabla ya kuandika, na uliza kama ni kabla au baada ya kukatwa kodi ya zuio, ile ambayo mlipaji huikata kabla ya kukulipa. Weka daftari lenye tarehe ya kutuma, tarehe ya kuchapwa, ukurasa, kiasi na tarehe ya kulipwa, na utunze nakala ya ukurasa wenyewe. Mwisho wa mwezi peleka ankara moja yenye stori zote kwa mhariri, nakala kwa mhasibu. Mhasibu hasomi gazeti. Bila tarehe na ukurasa, ankara yako itabaki mezani hadi mwezi unaofuata.