Bia ya pipa Uingereza: si ya moto, si ya baridi

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo mawili: hizo ale za kwenye tamasha la pub uliloalikwa Jumamosi ni bia gani hasa, na uagize nini usije ukaaibika mbele ya wanafunzi wenzako. Mdau mmoja hapo juu amekujibu kwa mkato kwamba ni "bia zilizolala, za moto, hazina gesi, tafuta lager yako ukae pembeni". Mimi niko Sheffield mwaka wa tisa sasa, na miaka miwili ya mwanzo nilikuwa nasema maneno hayo hayo, kwa hiyo simcheki. Ila kwa mtu niliyekulia Moshi, ni aibu nilivyochelewa kuelewa.

Nianze na kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza jamaa wa kazini walinipeleka kwenye pub moja, wikiendi ya sikukuu ile ya mwisho wa Agosti. Hema uani, mapipa kama ishirini yamelazwa kwenye vichanja, kila moja limebandikwa kadi: jina la bia, kiwanda, asilimia ya kilevi. Nikapita nikisoma asilimia tu. Unatujua wabongo na asilimia. Macho yakatua kwenye barley wine, yaani ale nzito yenye kilevi kingi wala siyo mvinyo, ya asilimia 8, nikaona hapa ndipo hela yangu inapata haki yake. Nusu painti ya kwanza ikateremka kama sharubati ya zabibu kavu. Nikarudia, nikarudia tena. Halafu msimamizi wangu akanipa nionje bitter, ale ya kawaida ya pub yenye uchungu kidogo, ya asilimia 3.8 aliyokuwa anaisifia tangu asubuhi, nikaona kama maji yaliyosuuziwa glasi, na nikamwambia hivyo hivyo kwa sauti. Jioni nilipanda basi la upande usio wangu, nikazindukia Rotherham, mji wa jirani.

Painti ya huku ni mililita 568. Nusu painti ya asilimia 8 ina kilevi kile kile cha painti nzima ya asilimia 4. Kwa hiyo zile nusu tatu zangu zilikuwa painti tatu ndani ya saa moja, na tumboni mna krispi peke yake. Lakini lililoniharibia siku zaidi ni ulimi. Ukishaupaka utamu mzito namna ile, bia nyepesi huwezi kuisikia tena. Ni kama mtu aliyelamba asali halafu akapewa chai ya sukari kidogo, lazima atasema haina sukari. Yule msimamizi na bitter yake hakuwa na kosa.

Sasa ale yenyewe. Bia zetu tulizozoea, Kilimanjaro, Safari, Tusker, zote ni lager. Hamira yake hufanya kazi kwenye ubaridi, polepole, kisha bia inatunzwa baridi mpaka inatakata, inachujwa, inatiwa gesi, imekwisha. Hamira ya ale ni aina nyingine, inapenda joto la wastani, nyuzi 15 hadi 24 hivi, inapanda juu na povu, na inaacha harufu za matunda ambazo lager haina. Huo ndio msingi. Lakini utakachokikuta Jumamosi ni zaidi ya hapo, ni ale ya pipa, wenyewe wanaiita real ale. Hiyo haichujwi. Inatoka kiwandani hamira ikiwa bado hai, inaendelea kuchacha ndani ya pipa lile lile itakalotolewa, na gesi yake ni ile iliyojitengenezea yenyewe. Mwaka 1971 jamaa wanne walianzisha chama cha kuitetea, CAMRA, wakati viwanda vikubwa vilipokuwa vinaiua kwa kuleta bia za kegi zilizochujwa na kupulizwa gesi. Matamasha mengi ya bia unayoyaona huku yanatokana na vuguvugu hilo.

Mimi haya sikuyasoma popote, mwenye pub ya mtaani kwetu ndiye aliyenifungulia akili. Mwaka wa pili nilimsaidia kushusha mapipa ya tamasha lake. Pipa la kawaida linaitwa firkin, galoni 9, yaani kama lita 41. Ukiwahi kubeba madumu mawili ya lita 20 kwa mpigo unaujua uzito wake, na hapo hujaongeza uzito wa pipa. Tuliyapanga siku mbili kabla, akayagongea kijiti cha mti laini juu ili gesi ya ziada ipumue, akayafunika majaketi ya kupooza, akapiga marufuku mtu kuyagusa. Nikamuuliza kwa nini tusinywe leo. Akaniambia bado machicha hayajatulia, ukilitikisa sasa utakunywa tope. Nikauliza litakaa muda gani likishafunguliwa. Siku tatu, akasema, baada ya hapo hewa imeshaingia, inaanza kuwa siki.

Nikabaki nimesimama. Huyu mzungu ananielezea mbege!

Fikiria. Bibi yangu alikuwa anachemsha ndizi mbivu, anaziacha zichache, anakamua, anachanganya na uji wa kimea cha ulezi, na kesho yake wazee wako uani na kata zao. Kesho kutwa imekolea. Siku inayofuata ni kali, ya walevi sugu. Hakuna aliyeilaumu mbege kwa kukosa gesi ya chupa, wala aliyeitaka itoke kwenye friji. Watu waliuliza ya nani, na ya lini. Hata uchungu, kuna wanaotia gome la msesewe, wakati hawa wanatia maua ya hopsi. Tangu siku ile nilipoitazama ale kwa jicho la mbege badala ya jicho la Safari ya baridi, sikuwahi tena kuiita bia iliyolala.

Na ndiyo maana swali la baa zetu, "ya moto au ya baridi?", huku halina jibu. Ale ya pipa hutolewa kwenye nyuzi 11 hadi 13, ubaridi wa chumba cha chini ya ardhi. Ikiwa baridi kama lager, nusu ya harufu zake hutazisikia. Ikiwa ya moto kweli, hapo pub ndiyo yenye tatizo na una haki ya kulalamika. Kuhusu povu pia usishangae: huku Yorkshire wamezoea bia ivutwe kwa pampu yenye kidude kidogo cha vitundu mdomoni kinachoipa povu zito, lakini kwenye tamasha inatoka moja kwa moja kwenye koki ya pipa, povu linakuwa jembamba. Wenyeji wenyewe watanung'unika kuhusu hilo. Waache wanung'unike.

Jumamosi, mkuu, kula kwanza. Kula chakula, siyo krispi. Ukifika utalipia glasi na tokeni, na glasi yenyewe ina mistari: theluthi, nusu, painti. Chukua theluthi, mililita 189, na hakuna atakayekucheka kwa hilo, wazoefu wote wanafanya hivyo. Mpango wa kuzungushiana raundi kama mlivyozoea pub siku nyingine, kwenye tamasha uukwepe kistaarabu, sema unataka kuonja zako mwenyewe. Raundi inakufanya unywe kwa kasi ya mtu mwenye kiu kuliko wote mezani.

Anza na zenye asilimia ndogo kisha panda taratibu, usianze na za juu. Kama kuna mild, anza nayo. Ni nyeusi au kahawia, na weusi usikutishe, nyingi ziko asilimia 3 na kitu, ilikuwa bia ya wafanyakazi wa viwandani na migodini, ya kunywa mtu akitoka kwenye joto. Inaonja kama ukoko wa mkate na kahawa nyepesi. Kisha bitter. Ukiikuta Landlord ya Timothy Taylor, asilimia 4.3, ya hapa hapa Yorkshire, au Sussex Best ya Harvey's, asilimia 4, onja na utulie nayo, maana hizo ndizo utakazotumia kupimia nyingine zote. Bitter uchungu wake unakuja mwishoni, ukishameza. Mimi ilinichukua muda kuupenda, sasa ndiyo bia yangu.

Baada ya hapo golden ale, zile za rangi ya dhahabu, na IPA (India Pale Ale), zenye hopsi nyingi, ambazo kwa mtu wa lager ndizo rahisi zaidi. Jaipur ya Thornbridge inatengenezwa jirani, Derbyshire, asilimia 5.9, ina harufu ya matunda kama umekata balungi karibu yake. Inanyweka kirahisi kuliko inavyostahili, kwa hiyo theluthi moja, siyo mbili. Nyeusi nzito, porter na stout, ziweke mwishoni. Porter jina lake linatokana na wapagazi wa London wa karne ya 18 walioipenda, na Plum Porter ya Titanic, ya Stoke, imewageuza wengi waliosema bia nyeusi hawaiwezi. Binafsi naiona tamu mno, lakini mke wangu hatanisamehe nisipoitaja. Barley wine iwe ya mwisho kabisa, theluthi, unaikalia kama mtu anayekunywa kahawa chungu barazani. Saida (cider, pombe ya matufaha) za kienyeji kwenye kona ya hema zipite kwa salamu tu.

Theluthi sita kwa mchana mzima ni painti mbili. Inaonekana kidogo, lakini utakuwa umeonja bia sita na utakumbuka majina yake. Maji yanatolewa bure, kunywa katikati. Na kama unaendesha gari, liache nyumbani.

Ukipewa iliyoharibika utajuaje? Ikinukia siki, rudisha. Ikinukia siagi ya kuyeyushwa kama bisi za sinema, nami narudisha, ingawa kuna wazee wanaoivumilia. Ikinukia kiberiti kilichowashwa muda huo, ngoja kwanza: bia za mtindo wa Burton, mji maarufu kwa viwanda vya bia, zina harufu hiyo kwa sababu ya madini ya maji ya kule, na inapotea baada ya dakika. Ukungu nao, yaani bia kutotakata, siku hizi siyo ushahidi. Wengi husafisha bia kwa kitu kinachotokana na mabondo ya samaki, ndiyo, mabondo yale yale ambayo Mwanza ya sangara yanauzwa ghali kuliko minofu yake, lakini kuna viwanda vimeacha kukitumia na bia zao zinabaki na ukungu kwa makusudi. Kadi ya pipa itakwambia. Kurudisha bia hapa hakuna ugomvi, unasema tu kwa upole kwamba hii naona imechoka, wanakubadilishia.

Nenda saa sita mchana wanapofungua. Pipa moja ni painti 72, na za kwenye machicha hazinyweki, kwa hiyo zile zinazosifiwa zinakauka mapema, na anayefika saa mbili usiku anakuta zilizokataliwa. Yule mdau wa "bia zilizolala" nahisi alifika Jumatatu ya sikukuu, saa ya kufunga. Ya siku ya nne, kwa mahesabu ya bibi.

Ukirudi tuambie ipi ilikushinda. Na kagua namba ya basi kabla hujapanda.