Jibu: Maduka ya vitabu enzi za Usovieti

Mkuu, umeuliza kama kweli maduka ya vitabu ya Usovieti yalikuwa matupu. Hapana, rafu zilijaa hotuba za Chama cha Kikomunisti kilichotawala na maandishi ya Lenin, mwasisi wa dola hiyo, juzuu kwa juzuu, bei ya chini, imechapwa kabisa kwenye jalada la nyuma. Shida ilikuwa kupata kile ulichokitaka. Riwaya nzuri ziliishia chini ya kaunta, zikawasubiri wanaojuana na muuzaji. Ndipo mwaka 1974 ukaanza mpango wa karatasi chakavu: unapeleka kilo 20 za magazeti ya zamani, yamefungwa kamba, unapewa kuponi ya kitabu adimu, mathalani riwaya ya Alexandre Dumas. Na kitabu chenyewe bado unakilipia! Hao watu walikuwa na kiu ya kusoma, nawaheshimu sana.