Warsha ya waandishi Bagamoyo: kabla hujalipa, uliza nani atausoma muswada wako

Salamu wadau, na shikamoo kwa wakubwa.

Kwa waliochelewa kuingia kwenye uzi: dada yetu wa Korogwe ni mwalimu wa shule ya msingi, anaandika riwaya ya Kiswahili na amefika katikati. Amekubaliwa kwenye warsha ya siku kumi Bagamoyo, ada laki tatu na nusu, nauli juu yake. Anauliza kama alipe, au fedha hiyo akajifungie nayo Lushoto likizo ya Juni aumalize muswada. Huko juu mmoja kamjibu "nenda, utapata koneksheni", mwingine kasema warsha zote ni za kula posho. Mimi niko Tanga, nimehudhuria warsha Bagamoyo na Dar, na hapa mjini tuna kikundi cha kusomeana kazi. Majibu yale mawili yanaruka swali lenyewe. Dada, swali ni hili: huko unakokwenda, nani atausoma muswada wako?

Juni 1962 palifanyika pale Makerere, Kampala, mkutano wa waandishi wa Afrika ambao unatajwa hadi leo. Mihadhara ilikuwepo, na mabishano. Lakini kijana mmoja mwanafunzi wa chuo hichohicho, Ngũgĩ wa Thiong'o, siku hizo akiitwa James Ngugi, alifanya jambo ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko mihadhara yote: alimpa Chinua Achebe, mwandishi wa riwaya kutoka Nigeria, muswada wa riwaya yake ausome. Achebe akausoma, na riwaya ile ikatoka 1964. Mtu anayeijua kazi ameketi na kurasa zako, kazisoma, anakuambia alichokiona. Warsha ikikupa hilo, imekupa. Isipokupa, vyakula, picha za pamoja na cheti havilizibi hilo pengo.

Mkutano huohuo una upande wa pili ambao sisi watu wa Tanga hatuwezi kuusahau. Ulikuwa wa Waafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ aliingia akiwa na hadithi fupi mbili tu zilizochapishwa, na ni yeye mwenyewe aliyekuja kuandika baadaye kwamba kwa kigezo kile Shaaban Robert asingeweza kualikwa. Shaaban, mzaliwa wa Vibambani, Machui, hapa kusini mwa mji, alikuwa hai mkutano ukiendelea na vitabu vyake vilikuwa vikisomwa Afrika Mashariki nzima. Akafariki mwezi huohuo. Kwa hiyo swali lako lina sehemu mbili: nani atausoma, na atausoma kwa lugha gani. Usione haya kuwauliza waandaaji. Kuna warsha nzuri kabisa ambazo si zako. Mwaka 2017 warsha ya Tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za Waafrika kwa Kiingereza, ilifanyika hapohapo Bagamoyo, na hadithi zake zikatoka kitabuni kwa Kiingereza. Anayeandika Kiingereza akiipata nafasi kama ile na aishike kwa mikono miwili. Wewe unaandika Kiswahili. Ukimpelekea mkufunzi anayekisoma kwa kubabaisha, atakuambia mambo ya jumla kuhusu mhusika na mgogoro, ila pale sentensi yako inapopwaya, au mazungumzo ya bibi na mjukuu yanaposikika kama barua ya ofisini, hatapaona.

Sasa nieleze warsha inavyokwenda ndani, maana wengi huandikiwa "mafunzo ya uandishi bunifu" na hawaelezwi zaidi. Iko ya mihadhara. Mgeni rasmi anafungua, anakuja mtaalamu na slaidi zake, mnaelezwa fani na maudhui, mnagawanywa vikundi, mnaandika kwenye karatasi kubwa za ukutani, mnafunga. Kwa mwalimu kama wewe mengi ya hayo unayajua, uliyasoma na unayafundisha. Aina ya pili ndiyo ya kulipia. Mnatumiana kurasa kabla ya kukutana, kila mmoja anasoma za wenzake nyumbani na kuandika pembeni, halafu siku ya zamu yako mnakaa duara, kazi yako inazungumzwa na wewe unanyamaza. Utaratibu huu ulienezwa zaidi na Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ambako mpango wa uandishi ulianza 1936. Kunyamaza kule kuna sababu. Kitabu kikishauzwa stendi ya Korogwe, hutakuwepo kumweleza mnunuzi kwamba sura ya tatu ulimaanisha vile. Kama hakimo kwenye karatasi, hakimo.

Ila utaratibu huo ukiletwa kwetu mzimamzima unakwama, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipojifunza zaidi.

Katika kikundi chetu wamo vijana wa chuo, wamo akina mama, na yumo mzee mstaafu wa reli. Mzee alileta hadithi ya kambi ya mkonge. Kijana wa miaka ishirini na mbili atamwambiaje mtu aliyetoka kumwamkia shikamoo kwamba hadithi yake inachosha? Hawezi. Atasema "hongera mzee, hadithi nzuri, ina mafunzo", wote watapokezana hivyohivyo, na mzee atarudi nyumbani bila kitu. Sidhani dawa ni kuwafundisha vijana ukali, adabu ile ina kazi yake. Tulichofanya ni kubadilisha swali. Kabla ya mtu kusema nzuri au mbaya, kila mmoja anaisimulia upya hadithi aliyoisikia, kwa maneno yake, bila kutazama karatasi. Basi.

Siku ile ya hadithi ya mzee, watu waliisimulia mmoja baada ya mwingine. Wote walimtaja mtoto aliyekuwa akiusubiri mlio wa king'ora cha kiwanda ili ajue baba yake anarudi. Wakamtaja mnyapara. Mke wa mfanyakazi, ambaye kwa mzee ndiye aliyekuwa roho ya hadithi nzima, hakutajwa na hata mmoja. Hakuna aliyemkosea adabu, hakuna aliyetoa hukumu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaomba karatasi zake, akaanza kuweka alama. Toleo lililofuata linaanza jikoni kwa yule mwanamke, na ni hadithi nyingine kabisa.

Jambo la pili tunalolishika: mwandishi hasomi kazi yake, anasomewa na mwenzake, kwa sauti. Mwandishi akisoma mwenyewe anaziba mashimo kwa pumzi na kwa mkazo. Akisoma mwingine, pale ulimi unapojikwaa ndipo sentensi ilipo na tatizo. Sentensi iliyojengwa kwa kufuata mkondo wa Kiingereza hujulikana hapo hapo, maana masikio ya watu wa mwambao yamelelewa na mashairi na taarabu, hayadanganyiki upesi. Na tusidhani kukosoana ni jambo tulilofundishwa na wageni. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, lilibeba mashairi ya watu wa kila upande, na washairi wa Kiswahili wamekuwa wakijibizana magazetini kizazi baada ya kizazi. Mtu aliambiwa hadharani kwamba mizani yake imepungua, naye akajibu kwa beti. Washairi wamelihifadhi hilo. Sisi wa nathari ndio tumeliacha.

Kwa hiyo waandikie waandaaji wa Bagamoyo, kwa adabu, uwaulize. Je, mnataka kurasa mapema, na ngapi? Washiriki ni wangapi kwa kila mkufunzi? Hili la idadi lina maana kubwa. Arvon ya Uingereza, taasisi ya kozi za uandishi iliyoanzishwa 1968, huweka washiriki wasiozidi kumi na sita kwa waandishi wawili, wakae nyumba moja wapike kwa zamu, ili kila mtu apate wasaa wa kukaa na mwandishi ana kwa ana. Ukiambiwa Bagamoyo mtakuwa hamsini na mkufunzi mmoja, hiyo ni semina. Uliza pia mkufunzi amechapisha nini kwa Kiswahili, kisha kitafute ukisome. Kama hukupenda anavyoandika, bado anaweza kuwa msomaji mzuri, lakini utakuwa umejua unakutana na nani. Wakikujibu kwa upana, lipa. Wakikwepa au wakikuharakisha ulipe leo kwa simu nafasi zisiishe, achana nao.

Jingine ambalo halisemwi sana ni fomu. Katika warsha moja niliyohudhuria tuligawiwa karatasi ya mahudhurio, na chini yake, kwa maandishi madogo, palikuwa na sentensi kwamba kazi yoyote itakayoandikwa pale ni mali ya mwandaaji. Dada mmoja aliyekuwa karibu yangu ndiye aliyeisoma, akainua mkono, na baada ya majadiliano marefu sentensi ikafutwa. Kazi yako ni yako tangu unapoiandika, na sheria ya hakimiliki ya Tanzania inailinda maisha yako yote na miaka 50 baada yako. Kumruhusu mtu aichape hadithi moja katika mkusanyo ni jambo la kawaida na ni zuri. Kumpa riwaya yako ni jambo jingine. Soma kila unachotia sahihi, hata kama foleni ya chai imeanza.

Lushoto sasa. Kujifungia hakushindani na warsha, ni kwa ajili ya hatua tofauti ya kazi. Wengi huenda kujifungia hivyo, kambini kama tunavyosema, wakitarajia baridi na ukimya viwaletee maneno. Mimi naona kambi inafaa zaidi kwa aliyekwisha kuandika. Riwaya hukua kwa nusu saa za usiku, baada ya kusahihisha madaftari na watoto kulala, na Shaaban Robert mwenyewe aliandika akiwa karani wa serikali. Kisichowezekana kwa nusu saa za usiku ni kuishika riwaya nzima kichwani kwa mara moja. Ukiisoma vipandevipande, hutajua kwamba shangazi aliyekufa sura ya nne anapika chai sura ya kumi na moja, wala kwamba safari ya katikati imekuwa ndefu kuliko kisa chenyewe. Siku nne au tano mfululizo, muswada mzima uliochapwa kwenye karatasi, kalamu, simu imezimwa: hapo ndipo Lushoto inalipa. Muswada wako umefika katikati. Kwa maoni yangu, ukienda Juni hii siku mbili za kwanza utalala kwa uchovu wa muhula, ya tatu utaandika, na ya nne utaanza kuwaza nyumbani. Desemba, rasimu ikiwa imekamilika, ni habari nyingine.

Makongamano, kwa kifupi: nenda kusikiliza na kuonana na wachapishaji, usiende na matumaini ya kusomewa. Hadithi ya Ngũgĩ na Achebe ilitokea kwa sababu kijana alibeba muswada na akathubutu kuutoa.

Ushauri wangu kwako basi ni Bagamoyo, wakijibu maswali yako vizuri, kwa sababu muswada wa katikati ndio unaofaidika na wasomaji. Bado unaweza kugeuza njia. Ukiwa kule, jioni tembea hadi Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, chuo cha sanaa kilichoanza 1981, uombe kutazama vijana wakifanya mazoezi ya maigizo. Mtu wa riwaya anajifunza mengi akimsikia mwigizaji akilikataa neno kwa kuwa halitamkiki.

Na maoni utakayopewa usiyafanyie kazi wiki ileile. Yaandike yote, hata yaliyokuudhi, uyaache mpaka moto upoe. Wasomaji watatu wakikwama pahala pamoja, pana tatizo pale, hata kama kila mmoja amependekeza dawa yake na zote tatu hazifai. Dawa utaitafuta wewe, kwa sababu unaijua riwaya inakokwenda. Mmoja akitaka umwoze msichana wako mwishoni ili wasomaji wafurahi, mshukuru, uendelee na kazi. Ukiumaliza muswada, Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea kazi za Kiswahili ambazo hazijachapishwa, na nyumbani tuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu.

Kuhusu safari: kutoka Korogwe huna haja ya kufika Dar. Panda basi la Dar ushuke Msata, ushike barabara ya lami ya Bagamoyo. Chapisha sura zako kabla ya kuondoka, uwe na nakala za kutosha duara zima, usitegemee kuzipata huko siku ya zamu yako. Na kama Bagamoyo itashindikana, Tanga si mbali na kwetu hakuna ada. Tunakutana Jumamosi baada ya alasiri, Ngamiani. Nitumie ujumbe faragha nikuelekeze nyumba, uje na kurasa tano, nakala kumi.