Barua kwa mwanangu: usiiache pombe ghafla kabla hujaonana na daktari

Mwanangu mpenzi,

Hatujambo sote, na baba yako anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeusoma, na kwa kuwa uliniruhusu, nimemsomea na yeye. Umeniuliza hivi: umeamua kuacha pombe, je, kuna haja ya kwenda hospitali, au ujifungie ndani siku chache ukomeshe mwenyewe kama alivyofanya rafiki yako? Ukaongeza kwamba unaona haya kumweleza daktari jambo ambalo, kwa maneno yako, mtu mzima angelimaliza kwa kusema "basi".

Jibu langu ni nenda. Tena nenda kabla hujaacha. Najua ni ajabu kumsikia mama yako akikuambia usiimwage pombe yote usiku huu, lakini ndivyo ninavyokuambia, na sababu ninazo.

Katika yote uliyoniandikia, kilichonitisha kuliko kiasi unachokunywa ni pale uliposema kwamba asubuhi mikono inatetemeka hadi chai inamwagika, na kwamba ni lazima uzimue kidogo ndipo utulie uweze kwenda kazini. Halafu ukasema kwamba mara ile ulipojaribu kuacha ulilowa jasho usiku kucha, moyo ukaenda mbio, usingizi ukakukataa, mpaka ukanywa tena ili upate nafuu. Nimefanya kazi ya uuguzi muda wa kutosha kuzijua dalili hizo hata nikisimuliwa kwa simu. Mwili wako umekwisha kuitegemea pombe, na ukinyimwa kwa ghafla unaugua. Ugonjwa huo una tiba, na usipotibiwa unaweza kuua.

Nikueleze unavyotokea, maana wewe tangu utotoni hukubali kitu mpaka ujue kinavyofanya kazi. Ubongo una kemikali za kuutuliza na kemikali za kuuchangamsha. Pombe huitia nguvu ile ya kutuliza, inayoitwa GABA, na huibana ile ya kuchangamsha, glutamati. Mtu akinywa sana kila siku kwa muda mrefu, ubongo nao hujirekebisha: unapunguza utulivu wake na kuzidisha uchangamfu, ili aweze kusimama na kuzungumza huku pombe imo mwilini. Ni kama watu wanaovutana kamba. Upande mmoja ukiachia ghafla, wa upande wa pili wanaanguka chali. Pombe ikitoka mwilini kwa mara moja, ubongo unabaki umechangamka kupita kiasi na hakuna cha kuuzuia. Mikono inatetemeka, jasho linatoka, presha inapanda, hofu inaingia bila sababu.

Dalili za kwanza huanza saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho. Ndiyo maana zinakukuta asubuhi. Kwa watu wengine huishia hapo, zikapungua zenyewe. Kwa wengine, ndani ya saa 48 za mwanzo, hufuata kuanguka na kukakamaa, mwili ukitikisika kama wa mwenye kifafa, hata kama mtu huyo hajawahi kuwa na kifafa maishani. Na kuna wachache ambao kati ya siku ya pili na ya nne hupatwa na kile madaktari wanachokiita deliriamu tremensi: homa, mapigo ya moyo ya kasi, kuweweseka, maruweruwe, kutojua alipo wala nani yuko mbele yake. Daktari Mwingereza, Thomas Sutton, aliandika juu ya hali hiyo na kuipa jina tangu mwaka 1813, na enzi hizo wengi waliofikia hapo hawakupona. Leo walio wengi hupona, kwa sharti kwamba wawahi kutibiwa.

Namkumbuka mgonjwa mmoja aliyelazwa kwetu kwa kuvunjika mguu. Alikuwa mtu mpole, mwenye heshima zake, na hakuna aliyekuwa amemuuliza habari za pombe. Siku ya tatu, usiku, alianza kuokota wadudu kwenye shuka. Wadudu hawakuwepo. Alikuwa anatetemeka kitanda kizima, akimwita mkewe ambaye alikuwa ameketi pale pale ubavuni mwake. Mkewe ndiye aliyetuambia kwamba mumewe hunywa kila siku, na kwamba ameficha kwa sababu ya aibu. Alitibiwa akapona, na mguu wake ukaunga. Nimekuwekea habari zake hapa kwa sababu ya ile aibu: ilimnyamazisha mtu aliyekuwa kitandani hospitalini, mita chache kutoka kwa dawa aliyoihitaji.

Sasa huyo rafiki yako. Simbezi hata kidogo. Amefanya jambo kubwa na Mungu amzidishie. Lakini umeniambia mwenyewe kwamba yeye alikuwa mnywaji wa mwisho wa wiki, na hajawahi kuamka anatetemeka. Mtu wa namna hiyo aghalabu anaweza kuacha siku moja na asipatwe na lolote zaidi ya hamu na kukosa raha. Wewe unakunywa kila siku na unazimua asubuhi. Mliyoyaacha yanaitwa pombe kwa wote wawili, ila miili yenu haiko mahali pamoja. Usijipime kwake.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Kila mara mtu mwenye utegemezi anapoacha ghafla, akarudia, akaacha tena ghafla, ubongo unazidi kuwa mwepesi kushtuka, na safari inayofuata inaweza kuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Kwa hiyo kule kusema "mara ile nilitetemeka tu, sikuanguka" hakukupi kinga safari hii.

Umeniuliza daktari atakufanya nini. Kwanza atakuuliza maswali. Huenda akatumia yale maswali 10 yaliyotayarishwa na Shirika la Afya Duniani, yanayojulikana kama AUDIT, ambayo alama zake ni kuanzia 0 hadi 40. Kuanzia 8 huonyesha unywaji wenye madhara au wa hatari. Kuanzia 20 humfanya daktari afikirie utegemezi. Atataka kujua unakunywa nini, kiasi gani, ulikunywa mara ya mwisho saa ngapi, kama umewahi kuanguka, na kama kuna dawa nyingine unazotumia. Nakusihi, usipunguze hesabu. Watu hukata nusu kwa haya, na daktari hupanga dozi kwa kile alichoambiwa. Andika kwenye karatasi kabla hujaenda, ili haya isikushike ulimi ukiwa umekaa mbele yake.

Baada ya vipimo vya damu, na ini likiwemo, ataamua kama utalazwa au utatibiwa ukiwa nyumbani. Kulazwa si lazima kwa kila mtu. Mwenye dalili nyepesi, asiye na maradhi mengine, aliye na mtu wa kukaa naye, anaweza kupewa vidonge na kufuatiliwa kila siku. Lakini aliyewahi kuanguka au kuona maruweruwe, mwenye maradhi mazito, mjamzito, mzee, au anayeishi peke yake kama wewe, mara nyingi hulazwa. Wakikuambia ulazwe, kubali. Siku ngumu ni chache. Kwa wengi hali ya hatari huwa imepita ndani ya wiki moja.

Dawa za siku hizo ni za jamii ya diazepamu. Zinashika ile nafasi ya utulivu ambayo pombe ilikuwa imeishika, kisha dozi inapunguzwa kidogo kidogo hadi inakwisha. Usije ukazinunua mwenyewe na kujitibu. Zikichanganyika na pombe zinaweza kuzuia pumzi, na zenyewe pia zina uraibu wake. Utapewa na vitamini B1, thiamini, pengine kwa sindano. Usiidharau ukidhani ni vitamini tu. Wanywaji wengi huishiwa nayo, na ikikosekana ubongo unaweza kuharibika: mtu anachanganyikiwa, macho hayatulii, anayumba hata akiwa hajanywa, na asipowahiwa kumbukumbu yake inaweza kupotea moja kwa moja. Nimewauguza waliofikia hapo. Mtu anakusalimia, unatoka, ukirudi anakusalimia upya kama hajapata kukuona.

Kumaliza siku hizo hakumaanishi umetibiwa ulevi. Umevushwa salama tu hadi mahali ambapo matibabu yenyewe yanaanzia. Usingizi unaweza kusumbua kwa wiki kadhaa, na hamu itakurudia usipoitarajia, hasa saa zile ulizozoea. Hapo pana dawa za kusaidia. Naltreksoni hupunguza ile raha ambayo pombe huleta, na kwa wengi hupunguza hamu. Haifai kwa anayetumia dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni. Akamprosati humsaidia aliyekwisha kuacha asirudie, lakini figo ziwe nzima. Disulfiramu ni ya zamani zaidi. Ukinywa pombe juu yake uso unawaka, moyo unapiga kwa nguvu, unatapika vibaya. Hiyo hupewa mtu anayejua anachomeza na aliyekubali mwenyewe, tena chini ya uangalizi. Nasema hivi kwa sababu nimesikia za watu wanaomtilia ndugu yao kwenye chakula kwa siri. Inaweza kumuua. Mtu yeyote akikushauri hivyo kwa ajili ya mwingine, mkataze.

Pamoja na dawa, utahitaji watu. Mshauri nasaha, au kikundi cha watu walioacha. Vile vikundi vya Alcoholics Anonymous vilianzia Akron, Marekani, mwaka 1935, kwa wanaume wawili waliokuwa na shida kama yako, mmoja wao akiwa daktari wa upasuaji. Kama kikundi cha namna hiyo hakikufai, kuna njia nyingine. Chagua inayokukaa. Mimi ninachokiona ni kwamba wanaofanya hivi peke yao kwa siri huchoka upesi, kwa kuwa wanabeba mizigo miwili, wa kuacha na wa kuficha.

Na haya yako, mwanangu. Umesema unaogopa kuandikwa "mlevi" kwenye faili. Faili lako ni siri kati yako na wanaokutibu, na una haki ya kuwauliza waziwazi nani atalisoma. Daktari aliyezoea kazi hii amewaona walimu, madereva, viongozi wa dini, na madaktari wenzake wakikaa kwenye kiti hicho hicho. Na ukikutana na mmoja anayekusimanga badala ya kukutibu, wapo wa namna hiyo, ondoka umtafute mwingine. Asikufanye ukate shauri la kurudi nyumbani kujitibu. Kuhusu watakaokuambia ujikaze kiume: hakuna anayemwambia mwenye kisukari ajikaze. Mimi na baba yako hatujakuona dhaifu. Kuandika ujumbe ule kumetaka nguvu nyingi kuliko kukaa kimya, na tunajivunia kwamba uliuleta kwetu.

Mpaka siku ya kuonana na daktari, fanya hivi. Usikate pombe kwa mara moja, na usiongeze. Usiendeshe gari. Kula hata kama huna hamu, unywe maji. Omba uonwe mapema, na ukiulizwa sababu sema wazi: "Nakunywa kila siku, nikikosa natetemeka, nataka kuacha." Sentensi hiyo inatosha, mhudumu yeyote wa afya ataielewa. Mwambie na jirani yako yule unayemwamini. Ukiona vitu ambavyo wengine hawavioni, ukachanganyikiwa, ukatapika damu, ukapata homa kali na kutetemeka kusikokoma, au ukaanguka, hiyo ni dharura, msisubiri kupambazuke. Jirani ajue kwamba ukianguka akulaze ubavu, aondoe vitu vya kukuumiza, aangalie saa, aite msaada, na asikutie kijiko wala kitu chochote mdomoni.

Nitafutie tarehe, uniambie. Nitakuja siku moja kabla. Ukitaka niingie nawe kwa daktari nitaingia. Ukitaka nibaki nje nitabaki nje, na sitakuuliza mliyozungumza isipokuwa utake mwenyewe kuniambia. Kama watakutibu ukiwa nyumbani, nitakaa nawe siku zote hizo, kwa hiyo hutakuwa tena mtu anayeishi peke yake, na hilo mwambie daktari anapopanga. Baba yako amesema atashughulikia habari ya likizo yako ya ugonjwa ukimruhusu, ila hatampigia mtu yeyote kabla hujasema ndiyo.

Nijibu leo, hata kama ni neno moja.

Mama yako